Umeshalipa ya mwezi, halafu unauziwa tena mnyama wa kupanda

Oktoba 2024 gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft walikuwa wanasherehekea miaka 20, na dukani kwao wakaweka mnyama mmoja wa kupanda, lidinosa likubwa la dhahabu linaitwa Trader's Gilded Brutosaur, bei dola 90. Tisini! Kwa hela yetu ya Tanzania ni zaidi ya laki mbili, na hii ni gemu ambayo ukishapita hatua za mwanzo za bure huendelei mpaka ulipe dola 15 kila mwezi, halafu kila baada ya miaka miwili hivi linatoka toleo jipya na lenyewe unalinunua. Watu walilalamika sana, lakini pia lilinunuliwa kwelikweli, ukiingia kwenye miji ya gemu unakutana nalo kila kona.

Sasa gemu inayokutoza ada ya mwezi, iuze na vitu vya muonekano kwa hela halisi au isiuze? Mimi naona kwa sehemu kubwa isiuze, ila wanaotetea wana hoja nzito kuliko wengi wetu tunavyopenda kukubali, kwa hiyo naanza nao.

Hoja yao kubwa ni bei. World of Warcraft ilitoka Novemba 2004 na ada Marekani ilikuwa dola 14.99, na miaka 20 baadaye ilikuwa ileile 14.99. Ukiipeleka kwa mfumuko wa bei wa Marekani, dola 15 za 2004 ni kama dola 25 za 2024, yaani kiuhalisia mchezaji wa leo analipa pungufu sana kuliko yule wa mwanzo wakati mishahara ya wachoraji na waandika programu imepanda. Pengo hilo lazima mtu alizibe, na wanasema bora alizibe anayetaka farasi mzuri kwa hiari yake kuliko kumpandishia ada mwanafunzi ambaye hata hiyo 15 anaipata kwa shida. Kwa mtu wa Dar au Mombasa hii sio hoja ya vitabuni. Dola 15 ni karibu elfu 40 za Tanzania, hujaweka bando, na hakuna bei ya Afrika, unalipa sawa na mtu wa Ulaya. Ingekuwa dola 25 wengi wetu tungeshaaga.

Ila angalia EVE Online, gemu ya meli za angani. Wale walikuwa wanauza skini za meli, yaani rangi na mapambo, kwa miaka kadhaa na bado Mei 2022 wakapandisha ada kutoka 14.99 mpaka 19.99. Kwa hiyo hii ya kwamba duka linailinda ada sio ahadi, ni matumaini tu.

Hoja ya pili ni kwamba pambo halimdhuru mtu. Mwaka 2009 Blizzard, wenye World of Warcraft, waliuza kipenzi cha kutembea nacho, Pandaren Monk, kwa dola 10, na nusu ya mauzo mpaka mwisho wa mwaka ikaenda shirika la Make-A-Wish, zaidi ya dola milioni 1.1 kwa watoto wagonjwa. Nani alipungukiwa? Hakuna. Au Final Fantasy XIV, gemu nyingine ya ada, nguo nyingi za sikukuu zinatolewa bure kwa aliyekuwepo, baadaye zinaingia Mog Station, duka lao la mtandaoni, kwa waliokosa, na mtu aliyekuwa kazini au anauguza mzazi wakati wa sikukuu anaweza kuipata nguo yake. Hiyo mimi naiona ni haki kabisa.

Tatizo langu linaanzia kwenye hilo neno "pambo tu". Kwenye gemu za watu wengi seva moja muonekano ndo kumbukumbu ya ulichofanya. Yule farasi wa mifupa anayeitwa Invincible anatoka kwa adui mkubwa Lich King kwenye ugumu wa juu kabisa, na hata ukimuua nafasi ya kumpata ni kama moja kwa mia, kuna watu wamerudi kila wiki kwa miaka. Ukimuona mtu amempanda unajua kuna stori pale. Halafu Aprili 2010 wakaleta Celestial Steed, farasi wa nyota anang'aa kuliko karibu wanyama wote wa wakati ule, dola 25, na foleni ya duka siku ya kwanza ikapita watu laki moja. Ndani ya wiki mji mzima ni farasi wa nyota, na hakuna stori yoyote, kila mmoja alitoa kadi ya benki. Nguvu ya mtu vitani haikuguswa kweli, ila kitu ambacho watu walikuwa wanakichezea kiliguswa.

Na hapa ndo ile ada inapoingia. Gemu ya bure ikiuza skini sina neno, ndo wanavyoishi hao. Ila gemu ya kulipia ni kama umetoa mchango wa harusi, umepewa kadi yako, umefika ukumbini, halafu unaambiwa kuna meza nyingine ya vyakula vizuri zaidi kwa watakaoongeza hela. Mchango wangu ulikuwa wa nini sasa? Saa za wachoraji zina kikomo, na mnyama mzuri kuliko wote akienda dukani maana yake hakuwekwa kwenye pango lolote mle ndani akisubiri mtu amshinde.

EVE ndo mfano mkali wa jinsi wachezaji wanavyolipokea hili. Juni 2011, kipindi hicho EVE haikuwa na njia ya bure kabisa, wakaleta toleo la Incarna na duka la nguo, na kati ya vitu vilivyokuwemo ni kioo cha jicho moja kwa zaidi ya dola 60. Na kilichouma zaidi ni kwamba mhusika wako alikuwa amefungiwa chumbani peke yake, hakuna mchezaji mwingine anayeweza kuingia akamuona zaidi ya picha ya wasifu. Likavuja na jarida la ndani la kampuni lenye mjadala wa kama uchu wa hela ni kitu kizuri, watu wakajazana Jita, kituo kikubwa cha biashara mle ndani, wakawa wanalipiga risasi sanamu la pale masaa kwa masaa, wengine wakakata usajili. Oktoba mkurugenzi Hilmar Veigar Pétursson akaandika barua ya kuomba radhi, na mwezi huohuo kampuni ikapunguza karibu asilimia 20 ya wafanyakazi. Lakini skini za meli zilizokuja baadaye zilipokelewa vizuri tu, manake meli watu wanaiona, bei inaeleweka, na timu ilikuwa imerudi kutengeneza gemu yenyewe. Kwa hiyo wachezaji hawapingi duka kama duka, wanapinga kuona duka limeitangulia gemu.

Kingine ni kwamba mstari wa "pambo tu" huwa haukai pale ulipochorwa. Hata Celestial Steed ukinunua mara moja wahusika wako wote wanampata, kipindi ambacho mnyama wa kawaida ulimnunulia kila mhusika peke yake kwa dhahabu ya gemu, hiyo tayari ni nafuu. Na lile la dola 90 ndo kabisa, linabeba soko la mnada na sanduku la barua mgongoni, yaani uko porini katikati ya safari unauza mzigo wako bila kurudi mjini. Lilikuwepo moja kama hilo toleo la 2018, dhahabu milioni 5 kwa muuzaji wa ndani ya gemu, likaondolewa kwake 2020. Likarudi kwa dola na kwa muda maalumu. Hicho ni kifaa cha kazi kimepakwa dhahabu.

Kuna wanaojibu kwamba hata huna haja ya dola, si unatafuta dhahabu, unanunua Tokeni, ambayo mchezaji mwingine kainunua kwa dola akaiuza kwa dhahabu, unaigeuza salio la dukani, unachukua mnyama wako bila kutoa senti. Ni kweli inawezekana na wapo waliofanya, na kwa mtu ambaye kadi yake inakataliwa kila siku ni mlango mzuri. Ila fanya hesabu. Tokeni moja mtu fulani kainunua dola 20, wewe ukiigeuza unapata salio la dola 15. Mnyama wa dola 90 anataka Tokeni sita, maana yake kuna watu wametoa dola 120 ili wewe upate "bure". Kampuni imepata zaidi kuliko ungelipa mwenyewe.

Njia nyingine ipo. Old School RuneScape ya Jagex, tangu 2013 mabadiliko makubwa ya gemu yanapigiwa kura na wanaolipa, mwanzoni ilitakiwa asilimia 75 waseme ndiyo, siku hizi 70. Hawana duka la mavazi, wana ada na zile bondi zao, zinazofanya kazi kama Tokeni. Ndugu yake RuneScape 3 alichukua njia ya maduka na magurudumu ya bahati mwaka 2012, na leo Old School ndo yenye watu wengi. Sisemi ni kwa sababu hiyo peke yake, ila imeonyesha kwamba gemu ya kulipia inaweza kuishi vizuri bila kuuza kofia.

Kwa hiyo mimi nguo za sikukuu zilizopita wauze, kubadilisha jina wauze, vipenzi vya kuchangia watoto wagonjwa wauze na mimi nitanunua. Mnyama mpya aliyefanyiwa kazi kuliko wote abaki ndani ya gemu, na chochote chenye kazi zaidi ya kuonekana kisiguse duka kabisa. Na kama ada ya 2004 haitoshi waseme wazi tunapandisha dola mbili au tatu. Najua kwetu hizo ni bando la wiki na kuna watakaoshindwa, inaniuma hiyo, ila wakipandisha angalau nitajua nimelipia gemu nzima.