Pilipili manga Dagoretti: kuota ni kimoja, kuzaa ni kingine

Masika yakikaribia, hapa Nairobi hakosekani mtu aliyerudi kutoka Muheza au Unguja na vipandikizi vya pilipili manga, kavizungushia gazeti bichi. Anauliza: itashika kwetu Dagoretti?

Itashika. Hilo si swali gumu. Pilipili manga hupanda mti mwingine, kwa hiyo haimnyang'anyi mtu shamba. Mwenye ekari moja ya mahindi, migomba na nepia ya ng'ombe, na mikima (miti ya grevillea) mpakani, nguzo anazo tayari. Kule Idukki, milima ya Kerala nchini India, huitambaza kwenye mikima hiyohiyo. Tena punje zikikauka barabara hukaa ghalani hata mwaka, zikingoja bei; jaribu kungoja bei na maziwa au sukuma wiki! Mimi hoja hiyo naiona nzito kuliko zote.

Ila Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mvua yake ni kama milimita 1,000 kwa mwaka. Mmea huu hustawi penye milimita 2,000 na joto la jasho. Upungufu wa mvua utauziba kwa mpira wa maji na matandazo. Baridi ya Julai utaiziba na nini? Utapata majani ya kupendeza, mashada ya kuhesabu. Na hata kwenye hali nzuri hungoja miaka mitatu au minne ndipo uchume, kisha kilo tatu mbichi zikupe moja kavu. Kule Ruai, mashariki ya Nairobi, ndiyo usijaribu: ule udongo mweusi hutuamisha maji, shina likaoza kwa chini.

Kuna na kazi ambayo wauza miche hawaisemi: kufunga matawi kila yanaporefuka, kupogoa mkima ili jua lipenye, kupanda ngazi wakati wa kuchuma. Yote hayo humwangukia yuleyule anayekamua ng'ombe alfajiri. (Wauza miche wenyewe! Mmoja aliniuzia "manga" ikatoka pilipili kichaa.)

Kwa hiyo anayetafuta karo ya shule namwambia parachichi, kama ana udongo mwekundu. Anayependa chai ya viungo apande miche minne kwenye mikima iliyokingwa na upepo, karibu na bomba. Ikifika mwaka wa tano bila shada, mkima bado atakuwa nao, wa mbao na kuni.