Minara ya Posta imepanda, vibaraza tumeviacha wapi?

Ukitaka kuiona Dar es Salaam sawasawa, panda pantoni kutoka Kigamboni, ukifika katikati ya maji tazama upande wa Posta. Nimevuka hapo tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nimeng'ang'ania kanga ya bibi yangu nisipotelee kwenye msongamano wa Feri. Bibi alikuwa na alama zake. Mnara wa kanisa la Azania Front wenye vigae vyekundu, mnara wa Mtakatifu Yosefu, kisha Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965. Akishaiona hoteli hiyo anaanza kufunga vizuri fundo la pesa kwenye pindo la kanga, maana tumefika.

Leo Azania Front inabidi uitafute. Yalikuja majengo pacha ya Benki Kuu, kisha katikati ya miaka ya 2010 yakasimama kando ya Sokoine Drive maghorofa ya mfuko wa pensheni na ya mamlaka ya bandari, yote yamepita ghorofa 30. Mtaa huohuo ndipo lilipo Boma la Kale, la miaka ya 1860, zama za Sultani Majid wa Zanzibar, kuta zake nene za matumbawe zikiwa zimesimama chini ya vioo vya majirani.

Sina ugomvi na urefu. Sensa ya 1967 iliukuta mkoa huu una watu wasiofika 400,000. Ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Mji wa namna hiyo lazima upande juu, na nikiwa na mgeni kwenye pantoni huwa namwonyesha minara hiyo kwa fahari. Kinachoniuma kiko chini, pale mguu unapokanyaga.

Tembea Uhindini, kuanzia Mtaa wa Jamhuri kuelekea Kisutu. Nyumba za zamani zilizobaki zina ghorofa mbili au tatu, na nyingine usoni zimeandikwa kwa plasta mwaka zilipojengwa. Chini duka, juu familia. Mbele ya duka pana kibaraza kilichofunikwa na roshani ya juu, kimeungana na cha jirani, kwa hiyo unaweza kupita maduka kadhaa bila jua kukugusa. Madirisha yana vipande vya mbao vinavyopitisha upepo. Waliojenga vile walilijua jua la Januari, wakaijua na masika.

Nyingi ya nyumba hizi zilitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, iliyochukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi shilingi 100,000. Wazee mpaka leo wanaziita nyumba za Msajili, yaani Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyozisimamia. Baadaye zikaangukia Shirika la Nyumba la Taifa, halafu ukaja mtindo wa ubia: kiwanja ni cha umma, fedha ni za mwekezaji. Kiwanja cha ghorofa mbili kikawa cha ghorofa kumi na kuendelea, lakini barabara ya mbele ni ileile nyembamba na mitaro ni ileile ya kale.

Tuliwahi kuonywa, tena kwa uchungu. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka asubuhi. Zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Kila ninapopita pale hatua zangu hupungua zenyewe.

Kuna kona moja niliyoizoea kwa miaka. Palikuwa na kibaraza chenye sakafu nyekundu ya saruji iliyolika katikati kwa miguu ya watu, na jioni mzee wa kahawa alikuwa anauza pale, birika juu ya jiko la mkaa, vikombe kwenye ndoo ya maji, kashata kwenye sahani. Mvua ikianza tulijibanza wote, karani, mpiga debe na mama mwenye mtoto mgongoni, mvua ikikatika kila mtu ameshapata habari za mwenzake. Siku moja nikakuta mabati ya bluu yamezungushwa. Sasa pale pana jengo refu la vioo. Ghorofa zake za chini ni za kuegesha magari, na kwa mpita njia ni ukuta mtupu na geti la mlinzi. Masika iliyopita mvua ilinikuta mbele yake nikalowa chapachapa, huku viyoyozi vya ukutani vikinidondoshea maji yao pia.

Hiyo si gharama ya maendeleo, ni uamuzi wa mtu aliyechora na mwingine aliyepitisha. Ghorofa 20 zinaweza kabisa kukaa juu ya kibaraza. Ninachotaka ni sharti moja kwenye kibali cha kujenga katikati ya mji: sehemu ya mbele ya chini iwe na maduka yenye milango ya barabarani na kivuli cha kutosha watu wawili kupishana, kiungane na cha jengo la pili. Kwa nyumba za zamani zilizobaki, kabla ya kuzungushiwa mabati, wahusika waende kwanza Boma la Kale, kwenye kituo cha urithi wa usanifu majengo wa jiji hili, wakaangalie mji huu ulijengwa vipi.

Mzee wa kahawa yupo bado. Amehamia mtaa wa pili, kwenye kibaraza cha nyumba ambayo ukutani pake wameshapiga alama ya X nyekundu.