Wenzetu wanavyomtunza mtangazaji wa mpira

Jamaa wa nyumbani wakinipigia simu huku Los Angeles huniuliza habari za dola, kodi ya nyumba na makaratasi. Hayo nishayajibu mpaka basi. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo naona Wamarekani wametuacha mbali, nalo ni heshima wanayompa mtu anayekaa mbele ya maikrofoni kututangazia mchezo.

Mfano wangu ni Jaime Jarrín. Huyu bwana si mzaliwa wa hapa. Alizaliwa Cayambe, Ecuador, mwaka 1935, akaanza kazi ya redio Quito akiwa kijana mdogo, kisha mwaka 1955 akahamia Marekani. Alipofika akafanya kazi ya kiwandani, kama wengi wetu tulivyoanza na kazi yoyote iliyopatikana. Besiboli alikuwa haijui kabisa. Mwaka 1958 timu ya Dodgers ilipohama kutoka Brooklyn, New York, kuja Los Angeles, kituo chake cha redio kilitaka kuitangaza kwa Kihispania na kikamwomba ajiunge. Akaomba mwaka mmoja ausome mchezo kwanza. Alianza 1959, akaja kustaafu 2022. Hesabu hiyo ni misimu 64 na timu moja, na msimu mmoja wa besiboli una mechi 162.

Miaka ya mwanzo, timu ikicheza ugenini, yeye hakusafiri nayo. Alibaki studio mjini, vipokea sauti masikioni, anamsikiliza Vin Scully akitangaza kwa Kiingereza, na papo hapo yeye anausimulia mchezo kwa Kihispania. Mrushaji amerusha, mpigaji amekosa, mpira wa pili umepita nje. Yote hayo hayaoni, anayasikia tu, na msikilizaji nyumbani anaapa kuwa mtu huyu yuko uwanjani. Mimi naona hiyo ni kazi ngumu kuliko kutangaza unachokiona kwa macho.

Huyo Scully naye alikuwa bingwa wa aina yake. Alianza na Dodgers mwaka 1950, timu ikiwa bado Brooklyn, akamaliza 2016: misimu 67. Alipenda kutangaza peke yake, anazungumza na msikilizaji kana kwamba wamekaa baraza moja. Na alijua kunyamaza. Aprili 1974 kule Atlanta, Hank Aaron, mchezaji mweusi wa timu ya Atlanta, alipopiga mpira wake wa 715 maishani kuvuka ukuta na kuivunja rekodi ya Babe Ruth, nguli wa zamani, Scully aliacha maikrofoni, akawaachia watazamaji washangilie wenyewe kwa kitambo. Aliporudi hewani alisema wazi maana ya lile tukio: mtu mweusi anashangiliwa na uwanja mzima, tena katika Kusini ya Marekani. Watangazaji wetu vijana wanaopiga makelele dakika zote 90 wangeisikiliza rekodi ile, wangepata somo.

Lakini moyo wangu uko kwa Jarrín. Nilipoanza kazi jikoni mwa mkahawa hapa, wenzangu walikuwa watu wa Mexico na El Salvador, na redio ilikaa juu ya rafu ya sahani ikipiga Kihispania jioni nzima. Sikuelewa neno, ila nilijua mpira unapovuka ukuta, kwa kuwa Jarrín alikuwa akikariri kwamba unaondoka, unaondoka, unaondoka, kisha anawaambia watu wauage kwa busu. Muosha vyombo aliitikia naye, mikono imejaa povu. Wazee pale walinihadithia mwaka 1981, Fernando Valenzuela, mrushaji wa Dodgers, kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha Sonora, Mexico, alipolitikisa jiji kwa urushaji wake. Kiingereza hakukijua. Jarrín ndiye aliyekaa kando yake kumtafsiria mbele ya waandishi wa habari. Fikiria mgeni kama wewe amefika juu, na aliyemshika mkono ni mgeni mwingine aliyemtangulia.

Sisi tulikuwa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mwana wa Freretown, Mombasa. Ami yangu alikuwa akiinua redio mpaka dirishani ili majirani wapate mechi kupitia Sauti ya Kenya, na barabara nzima ilijua Gor Mahia au Ingwe, yaani AFC Leopards, wamefika wapi. Jambo moja nyumbani tulikuwa bora: ile redio ilikuwa ya wote. Hapa, kuanzia 2014, nyumba nyingi za Los Angeles zilikosa mechi za Dodgers kwenye televisheni kwa ugomvi wa makampuni ya kebo, na wazee waliomsikiliza Scully tangu utotoni wakanyimwa picha za misimu yake ya mwisho. Hilo lilinisikitisha sana.

Mbotela alifariki Februari 2025, rambirambi zikamiminika. Nami nauliza, mechi alizozitangaza ziko wapi tuzisikilize? Hapa Jarrín na Scully wote wawili walipewa tuzo ya Ford Frick, inayotolewa kwa watangazaji na jumba la kumbukumbu la besiboli, wakiwa bado kazini: Scully 1982, Jarrín 1998. Rekodi zao unazipata leo ukizitaka. Kwetu klabu zina wasemaji wanaojulikana nchi nzima, Simba na Yanga hasa, ila sijaona klabu yenye mtangazaji wake, anayelipwa vizuri, anayekaa nayo mpaka watoto waliozaliwa wakimsikia wawe wazazi. Tunaweza. Gor Mahia wana mashabiki wa kutosha, na matangazo ya mtandaoni hayahitaji mtambo mkubwa.

Na kama kuna mtu Mombasa, Nairobi au Kisumu ambaye mzee wake alikuwa akirekodi mechi za redio kwenye kanda za kaseti, tafadhali asizitupe. Tafuta redio ya kaseti inayofanya kazi, weka simu karibu na spika, rekodi, andika tarehe na timu zilizocheza, kisha uzisambaze. Mimi nitakuwa wa kwanza kusikiliza.