Kathputli Colony: fleti kwanza au tingatinga kwanza?

Waliotetea kubomolewa kwa Kathputli Colony, mtaa wa mabanda wa wasanii huko Shadipur, magharibi mwa Delhi, wana hoja ambayo wapenzi wa sanaa huikwepa. Wakazi waliruka mitaro ya majitaka, walipanga foleni ya maji, na hati ya ardhi hawakuwa nayo. Kumsihi mtu abaki bandani kwa ajili ya utamaduni ni rahisi ukiwa na choo chako nyumbani.

Kwa hiyo mpango wa 2009 si wa kubezwa. Mamlaka ya Maendeleo ya Delhi iliipa Raheja Developers kazi ya kujenga palepale fleti za familia zipatazo 2,800, kampuni nayo ifidie gharama kwa maghorofa ya kuuza, ukiwemo mnara wa ghorofa 54.

Ila mtaa ule ulikuwa pia karakana. Wacheza vikaragosi wa jamii ya Bhat, wenye asili ya Rajasthan, walichonga na kuvisha vikaragosi vyao nje ya mlango. Watoto walijifunzia sarakasi uchochoroni. Mwenye harusi alifika mahali pamoja akapata wapiga ngoma, mtu wa mazingaombwe na wacheza mironjo. Hiyo mironjo, ndani ya fleti, utaisimamisha wapi?

Na serikali yenyewe haikuwahi kuamua hawa ni nani. Mwaka 1985 wasanii wa mtaa huo walipelekwa Washington kuiwakilisha India. Nyumbani, sheria ya 1959 dhidi ya ombaomba, iliyotumika Delhi pia, ilimhesabu anayeimba au kucheza barabarani apate chochote kuwa ombaomba. Mahakama Kuu ya Delhi ilikuja kubatilisha sehemu kubwa yake mwaka 2018.

Mtu aliyezoea kutendewa hivyo, ukimwambia ahamie kambi ya muda ya Anand Parbat kisha atarudishwa, ana haki ya kusita. Baadhi walikwenda, wengine wakagoma, hadi matingatinga yalipoingia Oktoba 2017, polisi wakiwa pamoja nayo. Wapo waliopelekwa Narela, pembezoni kabisa mwa jiji, mbali na wateja wao. Waliokuwa kambini walingoja miaka.

Mimi naunga mkono fleti. Lakini jengo la kwanza lingesimama kabla ya banda la kwanza kuanguka, na ghorofa ya chini ingeachwa wazi kwa karakana na mazoezi, hata kama kampuni ingepoteza maduka kadhaa ya kupangisha.