Kilomita za Faiba Hazijazi Fomu

Kuna bango la waifai ya bure karibu na stendi moja huku Likoni, Mombasa, rangi bado inang'aa. Juzi kijana wa jirani yangu alisimama chini yake akijaribu kujaza fomu ya mkopo wa chuo. Simu yasema mtandao upo, ukurasa haufunguki. Mwishowe akaenda saiba, akalipa. Nami naapa kuna ripoti mahali ambamo bango lile limeandikwa: kituo kimoja, kimekamilika.

Hapo ndipo ninapochemka. Serikali ya Kenya iliahidi kilomita 100,000 za faiba, yaani nyaya za intaneti, waifai ya umma 25,000 na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Maashallah. Lakini zote hizo ni hesabu za vitu vilivyofungwa! Tathmini hufanywa siku ya uzinduzi, hema na viti vya kukodi, mgeni rasmi akipiga selfi na mtandao ukikimbia ajabu. Nani hurudi miezi sita baadaye, saa moja usiku, watoto wametoka shule, wazazi wametoka kazini, stima imepotea na kurudi mara mbili? Kasi ipimwe saa hiyo. Ihesabiwe ni wangapi waliounganishwa na wangapi waliomaliza lililowaleta. Na apimaye asiwe aliyepewa tenda. Kisha orodha ianikwe, kituo kwa kituo, kwa jina la mtaa, tuikague wenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 haikutungwa iwe pambo. Bawabu wa soko atakupa tathmini ya kweli kuliko mshauri aliyelala hoteli ya ufuoni.

Tena pesa ni zetu. Ile Hazina ya Huduma kwa Wote, mfuko wa kupeleka mawasiliano kusikofika, huchangiwa na makampuni ya simu kutokana na mapato yao, na mapato hayo ni bando zetu za shilingi ishirini.

Kinachokera zaidi, nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010. Nyaya zimepita mlangoni kwetu kwenda bara, sisi tunanunua bando.

Haya, kilomita nazo zihesabiwe, maana bila hivyo mkandarasi atachimba nusu alipwe nzima. Na ni kweli wachimba barabara hukata nyaya ovyo. Sawa, nimesema.

Mheshimiwa wa wadi yetu, 2027 ukija kuomba kura, njoo na orodha hiyo mkononi. Fulana tunazo.