Bei ya haki inafika Julai, ada ya shule ni Januari

Mnunuzi wa butura haji na mizani, anakuja na daftari. Nikiwa mtoto huko Muleba nilimfuata mmoja kibanjani kwetu, akipita kati ya migomba na kuinua matawi ya mibuni kwa ncha ya fimbo. Punje zilikuwa bado za kijani, ngumu kama kokoto. Akasema, "Mzee, hapa naona magunia matatu." Baba alijua ni manne, pengine na zaidi. Lakini ilikuwa Januari, shule zimefunguliwa, na dada yangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. "Haya, andika matatu," baba akasema. Pesa ikahesabiwa palepale. Msimu ulipofika na bei kutangazwa, tuligundua tulikuwa tumeuza kwa chini ya nusu. Tulichuma, tukaanika kwenye mikeka, tukafunga magunia, na gunia la nne nalo likaondoka na yale matatu.

Hiyo ndiyo butura, kuuza kahawa ingali mtini, na watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa zaidi. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Nimeanza nayo kwa sababu ndiyo ninayotaka kuipimia kampeni moja inayosifiwa sana duniani, ya mji mdogo wa Garstang huko Uingereza.

Garstang uko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, kati ya Preston na Lancaster. Una wakazi wapatao elfu nne, umezungukwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1992 daktari wa mifugo aitwaye Bruce Crowther na wenzake wa kikundi cha Oxfam, shirika la misaada, walianza kuwashawishi wenye maduka na migahawa wauze kahawa, chai na chokoleti za biashara ya haki, yaani zile ambazo mkulima amehakikishiwa bei ya chini isiyoshuka hata soko likianguka, pamoja na nyongeza ya fedha ambayo wakulima wenyewe wanaipangia matumizi katika chama chao. Kwa miaka kadhaa waliambulia wachache. Mambo yaligeuka mwaka 2000 walipowaalika viongozi wa makanisa, wakuu wa shule na wafanyabiashara kwenye mlo mmoja. Mezani viliwekwa vyakula vya biashara ya haki kutoka ng'ambo pamoja na mazao ya mashamba ya hapohapo Garstang. Wengi walitia sahihi ahadi ya kuuza au kutumia bidhaa hizo, na Aprili mwaka huo mkutano wa hadhara ukautangaza mji wao kuwa mji wa kwanza wa biashara ya haki duniani. Leo miji iliyoiga mfano huo inazidi 2,000.

Mlo ule naona ndio uliokuwa na akili kuliko hata tangazo lenyewe. Wakati huo wafugaji wa Uingereza walikuwa taabani. Bodi iliyokuwa ikinunua maziwa yao yote ilivunjwa mwaka 1994, na kufikia mwaka 2000 lita moja ilikuwa ikinunuliwa shambani kwa chini ya peni 20, bei ambayo wengi haikuwarudishia hata gharama za kumlisha ng'ombe. Ukimwendea mfugaji wa namna hiyo ukamwambia amwonee huruma mkulima wa kakao wa Ghana, atakuuliza yeye anaonewa huruma na nani. Crowther na wenzake hawakumwomba huruma. Walimwonyesha kwamba tajiri mkubwa anayempangia yeye bei ya maziwa ana tabia moja na yule anayempangia Mghana bei ya kakao. Baadaye wakaunda undugu na New Koforidua, mji wa wakulima wa kakao katika mkoa wa Ashanti, na vijana wa pande mbili wakatembeleana. Lancaster, jirani yao, ilikuwa bandari ya biashara ya utumwa katika karne ya 18, na hilo nalo hawakulificha, walilifundisha.

Wanaoitetea kampeni wana hoja nzito, na sisi wa Kagera ni mashahidi. KCU, chama chetu kikuu cha ushirika, kimeuza katika mfumo huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sehemu ya nyongeza ile ilitumika kununua hisa za kiwanda cha kahawa cha Tanica pale Bukoba. Mkulima kuwa na hisa katika kiwanda kinachosindika zao lake si jambo dogo. Kisha kumbuka mwaka 2001. Robusta, ambayo ndiyo kahawa yetu kubwa, ilishuka katika soko la dunia hadi chini ya senti 30 za dola kwa ratili (karibu nusu kilo), huku bei ya chini ya biashara ya haki ikizidi dola 1. Familia zilizokuwa na mnunuzi wa aina hiyo, hata kwa sehemu tu ya mzigo wao, zilipumua. Nyingine ziling'oa mibuni.

Sasa upande wa pili, na hapa sitaki kuwapunguzia wakosoaji haki yao. Mwaka 2014 watafiti wa SOAS, Chuo Kikuu cha London, walitoa ripoti ya kazi yao ya miaka minne Ethiopia na Uganda katika kahawa, chai na maua. Walihesabu mishahara ya vibarua, watu ambao ripoti nyingi huwapita, wakakuta kwamba katika maeneo yenye wazalishaji wa biashara ya haki vibarua walilipwa kidogo kuliko katika maeneo mengine waliyolinganisha nayo. Wenye nembo ya biashara ya haki, ile inayobandikwa kwenye bidhaa, walijibu kwamba si sawa kulinganisha wakulima wadogo na mashamba makubwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini mtu aliyekulia kijijini anajua kwamba mwenye ekari mbili naye huita watu wa kumchumia, na hao aghalabu ni wajane na vijana wasio na kibanja. Bei nzuri ikiishia kwa mwenye shamba, hao haiwahusu.

Hoja nyingine ni ya kampuni kubwa. Cadbury, kampuni ya chokoleti, iliacha nembo hiyo mwaka 2016 ikaanzisha mpango wake yenyewe. Mwaka uliofuata Sainsbury's, kampuni ya maduka makubwa ya Uingereza, ikafanya vivyo hivyo kwa chai yake, huku wakulima wa Afrika wakilalamika kwamba wananyang'anywa kauli juu ya nyongeza yao. Mji mzima unaweza kutia sahihi ahadi, na uamuzi wa kikao kimoja cha wakurugenzi ukaipunguza thamani.

Na bei ya chini yenyewe? Kwa robusta isiyooshwa ilikaa dola 1.01 kwa ratili kuanzia mwaka 2011 hadi ilipopandishwa kuwa 1.20 mwaka 2023. Mwaka 2024 soko la London lilipita dola 5,000 kwa tani, yaani zaidi ya dola 2.20 kwa ratili. Mwaka kama huo bei ya chini haimsaidii mtu. Ni kama paa, thamani yake utaijua mvua ikinyesha, na mvua ya bei hurudi. Kwa hiyo hoja hii haiui mfumo.

Hoja inayonisumbua mimi ni nyingine, na sijaona pande hizi mbili zikiizungumza vya kutosha. Mfugaji wa Garstang, hata aliponyonywa, hulipwa kila mwezi. Mkulima wa kahawa hulipwa mara moja kwa mwaka, msimu ukifika, na chama kikichelewa hungoja zaidi. Baba alikuwa mwanachama wa chama cha msingi, na bei aliyoikosa aliifahamu kwa sababu ilibandikwa ukutani ghalani. Kilichomshinda kilikuwa mwezi wa Januari. Kanuni za biashara ya haki zinamtaka mnunuzi atoe malipo ya awali, hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, mzalishaji akiyaomba. Kanuni ni nzuri, lakini fedha hiyo hupewa chama kwa ajili ya kukusanya mzigo msimu unapokaribia. Haifiki kibanjani wakati punje bado za kijani. Mwenye daftari anafika. Na wale wanaovusha magunia usiku kwenda Uganda, mara nyingi tunawaita wahujumu, wakati wengi wao wanachofuata ni pesa taslimu siku hiyohiyo.

Nikipima pande zote mbili, bado niko na watu wa Garstang, kwa sababu walianzia nyumbani kwao. Ndiyo sehemu ya mfano wao ambayo sisi hatujaigusa. Tanzania inakunywa chini ya sehemu moja ya kumi ya kahawa inayolima, na hotelini Bukoba nimewahi kuletewa maji moto na kijipakiti cha kahawa ya unga kutoka nje ya nchi, dirishani mibuni inaonekana. Halmashauri zetu, shule zetu na hoteli zetu zingeweza kutia sahihi ahadi yao: tunanunua kwa chama cha msingi fulani, tunalipa sehemu ya pesa mwezi wa kwanza, na chama kinaikopesha kwa wanachama wenye watoto shuleni, kwa riba ndogo, wakikatwa msimu ukifika. Kiasi kitakuwa kidogo mno ukilinganisha na kinachosafirishwa. Lakini ada iliyomrudisha dada yangu nyumbani nayo ilikuwa ndogo, haikufika bei ya gunia moja. Katika ahadi hiyo ningeongeza mstari mmoja juu ya wachumaji, waandikwe ujira wao kwenye ubao uleule wa ghalani unaobandikwa bei ya kilo.