Uso Mweupe wa Lincoln Ukifika Mwanza

Ukitaka kuipandisha jukwaani Mwanza tamthilia ya mwandishi Mmarekani Suzan-Lori Parks, Topdog/Underdog, gharama ni ndogo: waigizaji wawili, chumba kimoja, kitanda, kiti, kreti mbili. Kinachosumbua ni kopo la rangi nyeupe.

Lincoln, kaka mtu, Mmarekani mweusi, anajipaka uso mweupe, anavaa kofia ndefu na ndevu za bandia, anakaa kama Rais Abraham Lincoln ili wateja walipe kumpiga risasi za uongo. Aliyemtangulia kazini alikuwa mzungu, na alilipwa zaidi. Kwa Wamarekani, rangi ile inageuza kibao: zamani wazungu ndio walijipaka masizi kuwakejeli weusi. Huku Kanda ya Ziwa inaleta picha nyingine kabisa, ya watu wenye ualbino, ambao wamewindwa na kukatwa viungo. Ukumbi utanyamaza ghafla, au atatokea wa kucheka, na hapo onyesho limekwisha.

Mimi siungi mkono kuiondoa rangi hiyo. Ikomeshwe kwenye taya, ili mstari inapoishia uonekane. Masikio, shingo na mikono viachwe vyeusi, mtu ajue ni sare ya kazi. Kisha Lincoln aifute palepale jukwaani, bila haraka, kwa mafuta ya mgando na kitambaa. Akitumia maji itabaki mabaka, na atacheza hadi mwisho akiwa na madoadoa.

Waongozaji nao hupenda kugawa: Lincoln mpole mwenye ajira, Booth, mdogo wake, mhuni. Hiyo ndiyo dhana ileile ya kijana mweusi mwizi, imepewa ndugu wa kulinganishwa naye. Bingwa wa karata tatu, mchezo wa kitapeli wa mitaani wa kubahatisha karata ipi ndiyo, ni Lincoln. Aliacha baada ya mwenzake kuuawa. Booth anaiba, kweli, lakini anarudi na suti mbili, moja ya kaka yake, na ndiye anayepanga meza vizuri akimngoja mpenzi wake Grace, asiyetokea. Na tafadhali, asipewe lafudhi ya Kisukuma ili watu wacheke. Tutakuwa tumetoka kwenye rangi tukaingia kwenye kabila.

Kabla ya kuanza, mtazamaji aambiwe kwamba Booth ni jina la aliyempiga Rais Lincoln risasi mwaka 1865. Baba yao aliwapa majina hayo kwa mzaha.

Mchezo wa karata tatu unavyochezwa: mkono mmoja unashika karata mbili, ya juu inaachiwa kwanza wakati jicho linaingoja ya chini. Ubao ni boksi juu ya kreti. Kwenye ukumbi wa viti vya plastiki visivyopanda, wa nyuma hawauoni, kwa hiyo inua jukwaa. Anayecheza Booth ajifunze mchezo huo mpaka auweze, halafu ajifunze kuukosea.